Simu Ile Haikuwa na Kitu Ndani

Nilipoinyanyua mezani nilishtuka. Ilikuwa nyepesi kama kasha la kiberiti. Kampuni ilikuwa imetuletea tatu, zote za plastiki tupu, kioo kimebandikwa karatasi yenye picha ili skrini ionekane inawaka. Simu zenyewe, zile zenye betri na kamera, zilikuwa bado hazijatufikia. Wenzangu walioizoea kazi ya matangazo hawakushangaa hata kidogo. Ndivyo inavyokuwa, waliniambia; skrini itapachikwa baadaye kwa kompyuta, kinachotakiwa leo ni mkono na uso.

Mwenye mkono na uso alifika saa nne asubuhi. Alikuwa msanii anayependwa, tena mtu mpole, aliyesalimiana na kila mmoja wetu mpaka vijana waliokuwa wakibeba taa. Akapakwa poda, akasimama mbele ya kamera, akashinda na ile plastiki mkononi mpaka jua likaanza kushuka. Kisha akaingia kwenye chumba cha kurekodia sauti akasoma sentensi niliyomwandikia mimi: "Tangu niipate simu hii, chaji haijawahi kuniishia njiani." Aliisoma mara tatu. Mara ya tatu alitulia kidogo kabla ya neno la mwisho, na sauti yake ikawa ya mtu anayekumbuka safari fulani. Fundi wa sauti akatikisa kichwa kukubali. Hiyo ya tatu ndiyo iliyotumika.

Miezi kadhaa baadaye mdogo wangu alinipigia akiwa na furaha ya kumwaga. Alikuwa amedunduliza muda mrefu, na sasa ameinunua simu ile ile. "Dada, yeye mwenyewe anaitumia," aliniambia. "Nimemsikia kwa masikio yangu." Sikuwa na la kumjibu. Betri yake, kama alivyokuja kunieleza baadaye bila kumlaumu mtu yeyote, ilikuwa ikikata kabla ya magharibi.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Watu wanapozungumzia ukweli wa watu maarufu kwenye matangazo ya simu, kompyuta na programu, mara nyingi huanza na pesa: amelipwa, kwa hiyo anadanganya. Mimi siamini hivyo. Kila mtu hulipwa kwa kazi yake. Mwalimu analipwa na bado anachofundisha ni kweli. Msanii akilipwa kucheza mbele ya simu, kuiimbia, kuirusha hewani na kuidaka, sioni aliyeonewa. Ninachokiona kibaya ni kidogo sana kwa umbo: ni silabi moja. Ni ile "ni" inayotangulia kitenzi. *Nimeitumia. Niliipata. Ninaipenda.*

Lugha yetu imeshalisema hili kabla yangu. Anayesimama mahakamani kueleza alichokiona tunamwita shahidi, na anayesimama mbele ya kamera kueleza jinsi bidhaa ilivyomfaa, maneno yake tunayaita ushuhuda. Maneno hayo yametoka kwenye mzizi mmoja. Hatukutunga jingine jepesi kwa ajili ya biashara. Ukisema "nunua" au "jaribu" umeniamuru tu, nami nina hiari ya kukataa. Ukisema "nimeitumia" umekula kiapo, hata kama hukushika msahafu wala Biblia.

Najua nitajibiwa kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa bidhaa nyingi methali hiyo inatosha. Embe utalinusa, kitambaa utakivuta kwa vidole. Lakini simu haijiuzi kwa namna hiyo. Dukani utaishika dakika tano chini ya taa kali, na dakika tano haziwezi kukuambia kama kamera inaona usiku, kama betri itavimba baada ya mwaka mmoja, kama programu zake zitaendelea kupata masasisho, kama taarifa zako zinapelekwa kwa mtu usiyemjua. Yote yaliyo muhimu kwenye kifaa cha teknolojia yamefichwa ndani yake, na hujitokeza polepole, pesa ikiwa imeshatoka. Ndiyo maana mnunuzi anamtafuta mtu aliyemtangulia. Na ndiyo maana kumpa shahidi wa uongo ni kumdhulumu kuliko inavyokuwa kwenye soda, ambayo ataijua ladha yake baada ya funda la kwanza.

Kuna mtu mmoja wa zamani ninayempenda kwenye habari hizi, naye ni Mark Twain, mwandishi wa Marekani. Alikuwa miongoni mwa waandishi wa kwanza kununua mashine ya kupiga chapa, ya Remington, mnamo 1874, wakati ambapo mashine hiyo ilikuwa ajabu ya dunia. Watengenezaji walipotaka neno kutoka kwake, aliwaandikia Machi 1875 akiwasihi wasitumie jina lake kwa namna yoyote, wala wasimwambie mtu kwamba anayo mashine hiyo. Ameacha kabisa kuitumia, alisema, kwa sababu kila aliyepokea barua iliyochapwa alimwandikia tena kumuuliza mashine ikoje na yeye amefikia wapi katika kuijua. Naye hakupenda kuandika barua.

Mtu huyo huyo, miaka karibu thelathini baadaye, aliisifia kalamu ya wino ya kampuni ya Conklin. Alisema anaipenda kuliko kalamu nyingine kumi kwa kuwa imebeba kijazio chake ndani ya tumbo lake yenyewe, na kwamba inamwokoa na matusi, maana haibingiriki ikaanguka kutoka mezani. Kalamu za Conklin zilikuwa na kipande cha chuma chenye umbo la mwezi mwandamo kilichochomoza ubavuni. Ukikibonyeza wino unaingia, na hicho hicho ndicho kilichoizuia kubingirika. Ni jambo ambalo hulijui mpaka kalamu zako nyingine zimekuangukia mara kadhaa zikakuchafulia sakafu. Hakuna mwandishi wa matangazo ambaye angelitunga akiwa amekaa ofisini kwake. Mimi nisingelitunga. Ningeandika "wino haukatiki kamwe."

Nikisikiliza tangazo siku hizi namtafuta huyo mtu wa kalamu isiyobingirika. Msemaji ana jambo lolote dogo, la pembeni, ambalo hulipata tu ukiishi na kitu? Au ana sifa tatu zilizo kwenye boksi, zikiwa zimegeuzwa kuwa nafsi ya kwanza?

Kwa miaka kadhaa tulikuwa na kipimo kingine, na hicho hakuna aliyekipanga. Chini ya kila ujumbe, Twitter ilikuwa ikionyesha umetumwa kwa kifaa gani. Novemba 2012 Oprah Winfrey aliisifu Surface, kompyuta kibao ya Microsoft, akasema ameshanunua 12 za kutoa zawadi za Krismasi. Maandishi madogo chini yake yakasema ujumbe umetoka kwenye iPad, mshindani wake wa Apple. Januari 2013 kampuni ya simu ya BlackBerry ilimtambulisha mwimbaji Alicia Keys kuwa mkurugenzi wake wa ubunifu, na jukwaani alizungumza kama mtu aliyemwacha mpenzi wake kisha akamrudia. Wiki chache hazikupita, akaunti yake ikatoa ujumbe kutoka kwenye iPhone. Alisema akaunti ilidukuliwa. Mwanzoni mwa 2014 mkataba ukaisha. Mcheza tenisi David Ferrer naye alieleza jinsi anavyofurahia simu yake ya Samsung, Galaxy S4, na iPhone ndiyo iliyoupeleka ujumbe huo. Hata siku ya mwaka mpya wa 2019 akaunti rasmi ya Huawei iliwatakia watu heri kupitia iPhone, na wafanyakazi wawili wakashushwa vyeo.

Watu walicheka sana, lakini mimi naona kicheko kile kiliwaonea baadhi yao. Mtu anaweza kuwa na vifaa viwili, na anaweza kuwa na msaidizi anayeandika kwa niaba yake. Sioni kwa nini Oprah asiwe aliipenda Surface kweli huku iPad ikiwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Kinachonigusa ni kingine. Sabuni haiwezi kusema nani ameoga nayo. Gari haliandiki barua. Lakini kifaa cha teknolojia huacha alama kila kinapotumika, na alama hiyo inaweza kumkana msemaji wake mbele ya mamilioni ya watu, tena ndani ya sekunde ile ile anayosema. Teknolojia iliwaletea wasemaji wake shahidi wa pili asiyelipwa. Mwishoni mwa 2022 Twitter iliyaondoa maandishi yale. Sidhani wengi waliyalilia, ila mimi niliyasikitikia.

Na nisifiche upande unaoipinga hoja yangu. Machi 2014, katika usiku wa tuzo za Oscar, mshereheshaji Ellen DeGeneres aliwakusanya waigizaji wakapiga picha kwa Galaxy Note 3 ya Samsung, na picha ile ikasambazwa zaidi ya mara milioni 3. Nyuma ya jukwaa aliendelea kutuma picha kwa iPhone. Samsung haikupata hasara yoyote kwa hilo. Ilitangaza kutoa dola milioni 3 kwa mashirika ya hisani, na simu yake ikaonwa na dunia nzima. Kwa hiyo anayesema kwamba kukosa ukweli daima huiumiza chapa anajifariji. Mara nyingi hakuiumizi. Anayeumia yuko kwingine, na ameshika risiti.

Ila nikiirudia video ile najikuta namtetea Ellen. Hakusema popote, "hii ndiyo simu yangu." Alifanya kitu kwa simu, kitu kikafanyika kweli mbele ya macho yetu, picha ikatoka. Huko ni kuonyesha, si kushuhudia. Vivyo hivyo Apple ilipobandika picha za Einstein na Gandhi kwenye matangazo yake mwaka 1997: Einstein alifariki 1955, Apple ilianzishwa 1976, na hakuna mtu mwenye akili aliyedhani Gandhi alimiliki kompyuta. Unaweza kuuliza kama ni adabu kuwaazima marehemu, na mimi nina mashaka yangu juu ya hilo, lakini uongo wa nafsi ya kwanza haumo. Mwigizaji Justin Long alipoigiza kuwa kompyuta ya Mac kwenye matangazo ya Apple kuanzia 2006 naye hakutoa ushuhuda wowote. Alikuwa mhusika kwenye mchezo. Alipotokea mwaka 2021 upande wa pili, kwa Intel, watengenezaji wa vichakato vya kompyuta, akitumia jina lake mwenyewe, hapo ndipo alipovua vazi la mhusika, na hapo ndipo mtazamaji ana haki ya kumuuliza: wewe, Justin, nyumbani unatumia nini?

Marekani swali hilo limewekewa mwongozo wa serikali. Mwongozo wa Tume ya Shirikisho ya Biashara, tangu 1980, unasema kwamba tangazo likidai msemaji anatumia bidhaa, lazima awe mtumiaji wa kweli wakati anapotoa kauli hiyo, na mtangazaji aendelee kulirusha tangazo pale tu anapokuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba bado anaitumia. Nilipousoma kwa mara ya kwanza niliona aibu. Jambo nililolifanya kwa wepesi lilikuwa limeandikwa na kukatazwa miaka mingi kabla sijashika kalamu.

Halafu Novemba 2022 ikaja kesi ambayo niliisoma usiku mmoja bila kuinuka kitini. Google ilitaka simu yake ya Pixel 4 isifiwe redioni. Watangazaji wa vituo vya iHeartMedia na vingine wakapewa maneno ya kusoma, kila mmoja kwa sauti yake ambayo wasikilizaji wake wanaiamini asubuhi na jioni. Maneno yalikuwa katika nafsi ya kwanza. Hii ndiyo kamera ya simu ninayoipenda kuliko zote, yalisema, hasa penye mwanga hafifu. Nimekuwa nikipiga nayo picha za mechi ya mwanangu, za vimondo angani, za bundi adimu aliyetua uani kwangu. Matangazo ya namna hiyo yalirushwa karibu mara 29,000 mwaka 2019 na 2020. Na mengi kati yake yalirekodiwa na kurushwa kabla watangazaji hawajapewa simu hiyo hata kuishika. Google na iHeartMedia zilikubali kulipa dola milioni 9.4.

Bundi yule amenikaa kichwani. Mwandishi fulani, mahali fulani, alikaa akamtunga bundi. Alijua kazi yake: alijua kwamba ushuhuda wa kweli huwa na jambo dogo la pembeni, lile la kalamu isiyobingirika, na kwa kuwa hakukuwa na maisha ya kulichota humo, alilibuni. Kisha bundi mmoja akatua kwenye ua wa watangazaji wengi kwa wakati mmoja, na wasikilizaji wa kila mji wakadhani ni wa mtu wao. Kile kituo kidogo kabla ya neno "njiani" kilikuwa bundi wangu mimi. Sina haki ya kumnyooshea kidole mwandishi yule, na simnyooshei. Nataka tu ijulikane kwamba ufundi huo upo, kwamba unafundishika, na kwamba kipimo nilichokitaja hapo juu kinaweza kughushiwa na mtu anayeijua kazi yake vizuri.

Kwenye sarafu za kidijitali mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kule hata plastiki ya kushika haikuwapo. Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 baada ya wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani kumshtaki kwamba alisifia EthereumMax, moja ya sarafu hizo, kwenye Instagram bila kueleza kuwa amelipwa dola 250,000. Mwezi uliofuata FTX, soko la kununulia na kuuzia sarafu hizo, likafilisika, miezi tisa tu baada ya mchekeshaji Larry David kuigiza katika tangazo lake mtu anayekataa kila uvumbuzi mpya, FTX ikiwamo. Tangazo lilitaka tumwone mjinga. Waliomsikiliza na kukataa kama yeye ndio waliobaki na pesa zao.

Sasa hata uso wenyewe unaweza kuundwa. Oktoba 2023 Tom Hanks alilazimika kuwaonya watu kwamba kuna video ya bima ya meno inayotumia sura yake iliyotengenezwa kwa akili mnemba, na kwamba yeye hahusiki. Wengine wanasema jambo hili limeumaliza ushuhuda wa watu maarufu. Mimi naona limepandisha thamani ya kitu kimoja ambacho sura ya kuundwa haina: muda. Mashine inaweza kutoa sauti, machozi na bundi. Haiwezi kuwa imekaa na simu yako wiki tatu.

Na wiki tatu ndizo nilizoombwa, miaka kadhaa baada ya ile plastiki, na mwanariadha mmoja tuliyemtaka atangaze saa janja ya kupima mapigo ya moyo. Kabla ya kusaini alituma ujumbe mfupi: nileteeni saa yenyewe, nipeni wiki tatu, ndipo tuzungumze. Mteja wetu hakupenda. Ratiba ilikuwa imebana, na hakuna aliyekuwa ameomba hivyo kabla yake. Tulimpelekea.

Alirudi na daftari la shule lenye kurasa kama nne zilizojaa. Nikikimbia taratibu, aliandika, inasoma mapigo sawasawa. Nikikaza mwendo na mkanda ukiwa umelegea, inapotea. Chini ya miti mirefu inaniongezea umbali. Jasho haliisumbui. Usiku inanibana. Skripti niliyokuwa nimeandika ilikuwa na sentensi niliyojivunia: "Siivui kamwe." Alichukua kalamu akaipiga mstari, tena bila hasira, kama mwalimu anayesahihisha hesabu. "Hii si kweli, dada," alisema. "Usiku naivua."

Kulifanyika vikao viwili. Mteja alisema hakuna anayelipa pesa ili bidhaa yake ivuliwe. Nilizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuzungumza kwenye kikao chochote, na nilimtaja mdogo wangu, jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Mwishowe walikubali sentensi nne fupi, zote kutoka kwenye daftari lile. Ya mwisho ilisema: "Naivaa nikikimbia. Usiku naivua, nalala."

Siku ya kurekodi alisoma mara moja. Fundi wa sauti akamwomba arudie, aweke hisia kidogo. "Ndivyo ilivyo," alimjibu, akavua vile vya masikioni akaviweka mezani. Saa yenyewe ilikuwa ndani ya mkoba wake, inachaji. Aliponyoosha mkono kuniaga niliona kifundo chake, na kwenye kifundo palikuwa na alama ya mkanda.